Dakika kumi za zuliani, nusu saa ya grini

Kwa miaka mingi wimbo wangu ulikuwa mmoja: sina muda. Niliuimba kwa mke wangu, nikauimba kwa wenzangu wa klabu ya gofu, na niliuimba moyoni kila nilipopita mbio mbio kando ya grini ya mazoezi, zile nyasi fupi zinazozunguka mashimo, kuiwahi tii ya kwanza, pale mchezo unapoanzia, kamba za viatu bado zinaburura. Muda wa kupiga mipira mirefu niliupata bila shida. Ndoo nzima ya mipira niliimaliza, saa ikakatika, jasho likanitoka, nikarudi nyumbani nimeridhika. Lakini muda wa kuinama juu ya mpira ulio hatua mbili kutoka shimoni, huo ndio sikuwa nao.

Kilichonizindua ni shimo la 18 katika shindano dogo la klabu. Mpira wangu ulikuwa grini, mita kama saba kutoka shimoni, na nilichotakiwa ni kusukuma, yaani kuuviringisha mpira chini kuelekea shimoni, mara mbili tu nimalize nikiwa mbele. Msukumo wa kwanza ulipungua nguvu, mpira ukasimama kama sentimita 80 kabla ya shimo. Nakumbuka kila kitu cha sekunde zile: alama ya kiatu cha mtu pembeni ya shimo, kivuli changu kimelala juu ya njia ya mpira, na vidole vyangu vilivyoibana fimbo mpaka vikapauka. Nilisukuma haraka ili yaishe. Mpira uligusa mdomo wa shimo upande wa kulia, ukazunguka, ukatoka, ukatulia nyuma ya shimo. Mwenzangu niliyekuwa nikicheza naye hakusema kitu. Alinigusa bega tu.

Usiku ule nilichukua kadi ya raundi, nikaanza kukumbuka shimo moja baada ya jingine na kuandika pembeni nimesukuma mara ngapi. Jumla ikaja 39. Sikuwahi kuhesabu kabla ya hapo. Hesabu ya par, yaani idadi ya mikwaju inayotarajiwa kwa kila shimo, inachukulia kwamba ukishafika grini utasukuma mara mbili. Kwa mashimo 18, hiyo ni misukumo 36 kati ya mikwaju 72. Nusu ya mchezo. Na katika ratiba yangu ya mazoezi, nusu hiyo haikuwa na hata dakika moja.

Hapa sitaki kumdanganya mtu. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, ndiye aliyebuni njia ya kupima kila mkwaju umemwongezea au umempunguzia mchezaji kiasi gani, njia ambayo PGA Tour, mfululizo wa mashindano ya gofu ya kulipwa wa Marekani, ilianza kuitumia kwa misukumo mwaka 2011. Uchambuzi wake ulionyesha kwamba kwa wachezaji wa kulipwa, kinachowatenganisha walio bora na wengine ni mikwaju ya mbali zaidi kuliko kusukuma. Naukubali kabisa. Lakini mimi ni mtu mwenye kazi, mwenye watoto, mwenye foleni ya barabarani asubuhi na jioni. Mkwaju wa mita 200 siwezi kuufanyia mazoezi saa tatu usiku nikiwa nimevaa soksi. Msukumo wa mita mbili naweza. Katika gofu nzima, hicho ndicho kipande pekee kinachoingia mlangoni kwangu na kukaa ndani, na hiyo kwangu ni sababu ya kutosha ya kukipa muda.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa wa kishujaa: kila Jumanne na Alhamisi, saa moja kamili, grini ya klabu, baada ya kazi. Uliishi wiki mbili. Jumanne moja kikao kilirefuka, Alhamisi mvua, Jumanne iliyofuata mtoto ana homa. Nilichojifunza ni kwamba saa nzima ni kitu kikubwa mno kukibeba katikati ya wiki. Kikianguka kinaanguka chote, na ukishakosa mara tatu unaanza kuona aibu kuanza upya.

Badiliko la kweli lilikuja kwa jambo ambalo hata halionekani kama mazoezi. Fimbo ya kusukumia nilikuwa naiacha kwenye mfuko pamoja na nyingine, na mfuko kwenye buti la gari. Siku moja niliitoa ile moja tu, nikaiegemeza ukutani kwenye korido, kati ya chumba cha kulala na sebule. Basi. Kuanzia siku ile sikuweza kwenda popote ndani ya nyumba bila kuipita, na kila nilipoipita mkono uliishika wenyewe. Simu iko kwenye chaji, nasukuma mipira mitano. Nasubiri mtu atoke bafuni, mitano mingine. Baada ya wiki mbili nikawa na kitu ambacho ratiba ilishindwa kunipa: dakika kumi za kila usiku, watoto wakishalala, kabla sijazima taa.

Vifaa havikuwa vya maana. Nilitandika kipande cha zulia cha mita tatu na nusu, chenye manyoya mafupi, nikaweka kikombe cha bati mwishoni. Usiku wa kwanza mpira uliingia kikombeni, kikombe kikalia juu ya vigae, na mtoto wetu mdogo akaamka analia. Mke wangu alitoka, akanitazama, akasema, "Baba, ama kikombe ama usingizi wa mtoto." Nilikiondoa. Mahali pake nikaweka sarafu, na nyuma yake taulo lililokunjwa la kuzuia mpira. Lilikuwa suluhisho la kelele tu, lakini sasa hata nipewe shimo la kweli ndani ya nyumba nitalikataa. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108. Sarafu haifiki hata robo ya upana huo. Macho yakishazoea kulenga kitu kidogo kiasi hicho mwezi mzima, siku ukisimama juu ya shimo halisi unaliona kama beseni.

Kwenye korido ile ndipo nilipoyaona makosa yangu kwa karibu, na kwa hili naishukuru sana. Nilichora mstari wa kalamu ya wino kuuzunguka mpira mzima, kama mkanda. Ukiuweka mpira mstari ukiwa umeelekea sarafu, ukausukuma sawasawa, mstari unazunguka umesimama wima, hautikisiki, utadhani umechorwa hewani. Uso wa fimbo ukiukata mpira hata kidogo, mkanda unayumba kama gurudumu lililopinda. Wangu uliyumba. Misukumo ishirini ya kwanza, kumi na sita iliyumba, na karibu yote ilikwenda kulia, upande ule ule mpira ulikogusa mdomo wa shimo la 18. Miaka yote nilikuwa nalaumu nyasi.

Hesabu yake ni rahisi na inatisha. Uso wa fimbo ukifunguka, yaani ukigeukia pembeni, kwa digrii 1 tu, mpira uliosafiri mita 3 unakuwa umepotoka zaidi ya sentimita 5. Kutoka katikati ya shimo hadi ukingoni ni sentimita 5.4. Maana yake digrii 1 inakuacha ukiomba mdomo wa shimo ukuhurumie, na digrii 2 hazikuachi hata uuguse. Na digrii 1 ni kitu gani kwenye kiganja? Ni kubana kidole gumba kupita kiasi. Ni kuinua kichwa mapema kutaka kuona.

Kwa hiyo nikaweka vitabu viwili zuliani, kimoja kila upande wa fimbo, vikiwa vimeacha nafasi ya unene wa kidole tu kila upande. Kazi ni kupitisha fimbo katikati bila kugusa kitabu. Tiger Woods, bingwa wa gofu, anajulikana kwa zoezi kama hili, yeye akitumia tii mbili, vile vijiti vya kuwekea mpira, zilizochomekwa ardhini kama lango, na mara nyingi akianza kwa mkono wa kulia peke yake. Nilijaribu mkono mmoja. Wiki ya kwanza fimbo iligonga kitabu karibu kila mara, na mlio ule, tak, ni mwalimu asiyechoka. Huhitaji mtu wa kukuambia umekosea. Wiki ya tatu mlio ulianza kuwa nadra, na mkono ukaacha kulazimisha fimbo, ukawa unaisindikiza tu.

Binti yangu mkubwa, wa miaka saba, alianza kuja kukaa mwisho wa zulia kabla ya muda wake wa kulala. Kazi yake ilikuwa kunirudishia mipira. Siku moja akaniambia, "Baba, kila mpira ukipita pembeni, kichwa chako kinauangalia kabla haujafika." Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amekaa mahali ambapo mimi siwezi kukaa, mbele ya uso wangu, na aliona nilichokuwa siwezi kukiona. Tangu usiku ule nasukuma kwa masikio: macho yanabaki pale mpira ulipokuwa, na nasubiri kusikia taulo linapopokea mpira ndipo nainua kichwa. Ni jambo dogo kuliandika. Kulitenda kulinichukua miezi.

Miezi mitatu ikapita hivyo, nikaenda kwenye raundi ya kwanza nikiwa na imani tele. Mwelekeo ulikuwa mzuri kweli. Mpira ulitoka kwenye fimbo na kwenda nilikotazama. Ila kwa nguvu ilikuwa balaa: kwenye misukumo mirefu mmoja ulipungua mita mbili, mwingine ulivuka mita mbili, na nikamaliza na misukumo mitatu kwenye mashimo matano. Nilivunjika moyo. Nilihisi kama usiku wote ule ulikuwa bure.

Mzee mmoja wa klabu, mtu aliyecheza tangu ujana wake na ambaye huwa haongei sana, alikuwa ameketi kivulini akitazama. Nilipomwamkia na kumweleza kilio changu, aliniuliza nafanyia wapi mazoezi. Nikamwambia nyumbani, zuliani. Akatikisa kichwa taratibu. "Kijana wangu, zulia lako halina mlima. Halina umande. Na halikatwi." Kisha akanyamaza, kama vile kila kitu kimeshasemwa. Na kweli kilikuwa kimeshasemwa.

Niliporudi nyumbani nilitafuta ubao mwembamba wenye mfereji, nikauinua ncha moja juu ya vitabu, nikaachia mpira ushuke wenyewe. Ni wazo la zamani. Mwaka 1935 Edward Stimpson, Mmarekani, alirudi kutoka kutazama mashindano ya US Open kwenye uwanja wa Oakmont akiwa ameshangazwa na jinsi mipira ilivyokuwa ikiteleza kwenye grini zile, akabuni kifaa cha kupimia kasi ya grini: mfereji unaoachia mpira kwa mwendo ule ule kila mara, kisha unapima umefika wapi. USGA, chama cha gofu cha Marekani, kilikuja kukipokea kwenye miaka ya 1970, na hadi leo watunza viwanja wanakitumia. Ubao wangu haukuwa kifaa chake, lakini ulitosha kunionyesha ukweli. Zuliani mpira ulivuka urefu wote na kugonga ukuta. Nikaubeba ubao siku iliyofuata hadi grini ya klabu, mwinuko ule ule, na mpira ukasimama baada ya hatua mbili na nusu. Mikono yangu ilikuwa imekaririshwa kasi ya mahali pasipokuwapo.

Hapo ndipo nilipogawa kazi, na mgawo huo ndio ninaoushikilia mpaka leo kwa nguvu zote. Nyumbani nafanya mwelekeo tu: uso wa fimbo, kichwa, mwendo wa mkono. Siupimi mpira umekwenda umbali gani, hilo si swali la zulia. Klabuni sishughuliki kabisa na mkono wala kitabu wala tii za lango. Huko nafanya vile ambavyo nyumbani haviwezekani, yaani umbali na mteremko. Kabla ya kugawa hivi, nilikuwa nafanya kila kitu kila mahali, na muda mchache niliokuwa nao ulimwagika kama maji kwenye pakacha.

Nusu saa ya klabu niliipata kwa kuiba pande mbili. Usiku wa kuamkia raundi naweka viatu, glavu na mipira tayari kwenye gari, ili asubuhi nisitafute chochote, na hiyo peke yake inanipa dakika 15 kabla ya tii ya kwanza. Dakika 15 nyingine ni baada ya raundi. Wenzangu wanakwenda kukaa, mimi nawaambia nakuja, natembea hadi grini ya mazoezi na kurudia msukumo ule mmoja ulioniumiza siku hiyo, wakati mkono bado unaukumbuka. Mwanzoni niliona vigumu kuwaacha watu. Sasa wawili kati yao wanakuja nami. Kuna upenyo mwingine ambao wengi hawautumii: kanuni zinaruhusu kati ya shimo na shimo kufanya mazoezi ya kusukuma kwenye grini uliyoimaliza, mradi kamati haijakataza na humcheleweshi mtu. Siku za utulivu, msukumo mmoja wa ziada pale una thamani kuliko kumi ya kesho.

Natumia mpira mmoja. Hili nalisisitiza. Nilikuwa naangusha mipira mitatu, wa kwanza unanionyesha mteremko, wa pili unarekebisha, wa tatu unaingia, naondoka nikijiona bingwa. Lakini mchezo haukupi mpira wa pili. Kwa mpira mmoja inabidi utembee, uinuke, uchuchumae, usome njia upya, na moyo unajua kabisa kwamba nafasi ni hii hii. Kwa umbali silengi hata shimo: nasukuma kutoka katikati kuelekea ukingo wa grini ambapo nyasi ndefu zinaanzia, nikitaka mpira ufe pale pale mpakani bila kuvuka. Mita nne, kisha kumi na mbili, kisha saba, hakuna umbali unaojirudia. Halafu napanda na kushuka mteremko ule ule, maana mwanzoni sikuamini tofauti ilivyo kubwa.

Mwisho ni duara. Phil Mickelson, bingwa mwingine wa gofu, alijulikana kwa kuzunguka shimo akiingiza misukumo 100 mfululizo ya futi tatu kabla ya kujiruhusu kuondoka. Mimi sina muda wa 100. Nazunguka mara mbili kwa vituo sita, kwa umbali wa hatua moja, jumla 12 mfululizo. Nikikosa mmoja naanza sifuri. Namba 11 na 12 ndizo zenye somo. Mikono inapata joto, macho yanataka kukimbilia shimoni, na kile kibano cha vidole cha shimo la 18 kinarudi kama mgeni aliyejua njia. Nimepata mahali pa kukutana nacho kila wiki badala ya mara moja kwa mwaka mbele ya watu.

Jambo jingine lililonituliza ni kujua wakubwa wenyewe wanaingiza kiasi gani. Wachezaji wa PGA Tour kutoka futi 8, yaani karibu mita mbili na nusu, wanaingiza takriban nusu tu. Nusu! Mimi nilikuwa natoka grini nimekunja uso kila nilipokosa wa mita tatu. Sasa wa mita kumi naupiga kwa nia moja, kuuacha karibu, na hasira zangu nazihifadhi kwa ajili ya wa hatua moja, kwa sababu huo ndio ninaoweza kuurekebisha zuliani.

Si kwamba kila wiki imekwenda sawa. Kulikuwa na safari ya kikazi ya siku 16 ambayo sikushika fimbo hata mara moja, na niliporudi nilikuwa mzito kuanza. Nilianza na dakika tatu. Wakati wa mitihani ya watoto korido ikawa ya kusomea, nikahamia chumbani, nafasi ya mita moja na nusu tu, na hiyo ilitosha vitabu viwili na fimbo bila mpira wowote. Ninaandika kwenye daftari misukumo ya kila raundi. Ilikuwa 39, ikapanda 40 ile siku ya balaa, ikashuka 36, ikarudi 37. Raundi nne za mwisho: 34, 35, 33, 34.

Wiki iliyopita nilifika tena shimo la 18 nikihitaji msukumo mmoja, mita mbili na nusu, nimalize mbele kwa mkwaju mmoja. Nilichuchumaa, nikasoma, nikasimama. Vidole vilikuwa vyepesi. Nilisukuma, nikabaki nimeinama nikisikiliza, na sauti ya shimo haikuja. Nilipoinua kichwa mpira ulikuwa umelala chini ya shimo, kushoto. Lakini mkanda wa wino ulikuwa umetoka kwenye fimbo umesimama wima, na mpira ulikuwa umeanzia pale pale nilipotazama. Nilikuwa nimesoma mteremko vibaya, mdogo kuliko ulivyo.

Huko si zuliani. Jumamosi naondoka nyumbani nusu saa mapema, na mpira mmoja mfukoni, niende upande ule wa grini ya mazoezi unaoteremkia kushoto.